Kanuni Hununuliwa na Nani?



Mwaka juzi, baada ya sala ya alasiri, alinijia barazani kijana mmoja niliyemsomesha Kiswahili katika kidato cha pili. Namwita kijana kwa mazoea ya ualimu. Umri wake umeshapita miaka thelathini na tano, naye ana mke na watoto. Alibeba kwapani kitu kipana kilichofungwa kanga mbili kuukuu, moja juu ya nyingine. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali za watu wa nyumbani, alizifungua kanga zile akaniwekea mapajani kanuni.

Niliitambua mara moja. Pembeni mwake palikuwa na kipande cha bati kilichopigiliwa kuziba ufa, nami nilikuwapo siku kipande hicho kilipopigiliwa. Sikumwambia neno. Nilimuuliza tu haja yake.

"Maalim," akasema, "nataka kununua kanuni nyingine, iliyo nzima. Pesa sina. Nataka kuwaomba watu wanichangie, lakini barua ya kuomba siwezi kuiandika. Wewe ndiye uliyetufundisha insha na barua."

Nilimwandikia usiku uleule. Makala haya yanahusu barua ile, sababu ya yeye kuirudisha, na jinsi kurudishwa kwake kulivyonilazimisha kuisoma upya historia ya taarabu yetu ya Unguja. Historia hiyo tumezoea kuisimulia kwa upande wa waimbaji na watunzi. Safari hii nataka kuisimulia kwa upande wa mfuko: ala hizi zilinunuliwa na nani, na baada ya kununuliwa zilikuwa za nani?

Ala na jina lake

Kwa wasioijua, kanuni ni sanduku jembamba la mbao lenye pembe nne, ambalo ubavu wake mmoja umekatwa mshazari. Mpigaji huilaza mapajani au juu ya meza. Nyuzi zake kwa kawaida ni 78, zimepangwa tatu tatu, na kila tatu hutoa sauti moja, hivyo sauti zote ni 26. Upande wa kulia nyuzi hupita juu ya daraja, na miguu ya daraja hilo husimama juu ya vipande vya ngozi, aghalabu ngozi ya samaki. Upande wa kushoto viko vigingi vya kukazia, na mbele ya vigingi vimepangwa vijikono vidogo vya madini. Kijikono kikiinuliwa, uzi hufupika na sauti hupanda kidogo. Mpigaji huvaa pete katika vidole vyake viwili vya shahada, na kila pete hubana kipande cha pembe au cha plastiki cha kudonolea nyuzi.

Jina lake ni somo peke yake. Wagiriki wa kale walikuwa na neno la fimbo iliyonyooka ya kupimia. Waarabu wakalichukua, wakalifanya kuwa jina la sheria na pia jina la ala hii. Nasi Waswahili tukayapokea yote mawili bila kuchagua. Ndiyo maana mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiambiwa na mwalimu wa sarufi kwamba "kanuni imevunjwa", na mtoto wa mpiga taarabu akiambiwa maneno hayohayo na baba yake, kila mmoja huenda kutazama mahali pake. Jina hilo halikukosewa. Udi na fidla hazina alama shingoni za kumwonyesha mpigaji mahali pa kubonyeza. Sauti hutafutwa kwa sikio. Kanuni hulinganishwa kabla ya onyesho, na wengine wote huja kupima sauti zao kwake.

Kanuni niliyowekewa mapajani ilikuwa imepungukiwa na vijikono zaidi ya nusu. Ngozi zake zilikuwa zimelegea kwa unyevu wa pwani yetu, na mahali pengi palipostahili nyuzi tatu palikuwa na mbili. Nikamuuliza kama bado inapigika.

"Hijazi naipiga," akajibu. "Rasti siwezi. Bayati siwezi."

Jibu hilo linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo hasara ya washairi. Nyimbo za taarabu hutungiwa katika maqamu, yaani mipangilio ya sauti iliyotoka kwa Waarabu. Sauti ya tatu ya maqamu ya Rasti haipatikani katika kitufe cheupe cha kinanda wala katika kitufe cheusi. Imekaa baina yao. Katika kanuni hupatikana kwa kijikono. Vijikono vikitoka, Rasti nayo hutoka. Kikundi cha kijana huyu kilikuwa kimeziacha nyimbo za Rasti na Bayati moja baada ya nyingine, na hapakuwa na mkutano wowote ulioamua hivyo. Ziliachwa kwa kuwa ala haikuziweza.

Nanyi mnajua kwamba wimbo wa taarabu, ule wa beti za mishororo mitatu, wenye vipande viwili na mizani nane kila kipande, mara nyingi haukuchapwa mahali popote. Daftari la mtunzi likiliwa na mchwa, wimbo hubaki katika koo la mwimbaji, na koo hukumbuka maneno kwa njia ya sauti. Sauti isipopigwa miaka kumi, nenda kawaulize maneno.

Mfuko wa jumba na mfuko wa chama

Sayyid Barghash bin Said alitawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi ni kwamba yeye ndiye aliyewaleta wanamuziki kutoka Misri kuja kumburudisha katika jumba lake, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim huko Misri akajifunze muziki, na hasa kupiga kanuni. Aliporudi aliwafundisha wenzake. Mfuko ulikuwa wa Sultani: nauli yake, mafunzo yake na ala zake. Kwa hiyo muziki nao ulikuwa wake. Uliposikika, ulisikika kwa waalikwa wake.

Mfuko wa pili ulifunguliwa 1905, ilipoanzishwa Nadi Ikhwani Safaa. Jina hilo, ndugu wa usafi wa nia, liliazimwa kutoka kwa wanafalsafa wa Basra wa karne ya kumi. Wanachama walichanga fedha, wakaagiza ala kutoka Misri, wakajifunza kuzipiga. Naomba msomaji atue hapo. Tukiisifu Ikhwani Safaa huwa tunasifu nyimbo zake na umri wake, na ni haki yake, kwani imeshapindukia miaka mia moja. Lakini jambo jipya kabisa lililofanyika mwaka ule lilikuwa la fedha: kwa mara ya kwanza kanuni haikuwa ya mtu mmoja mwenye nguvu, ilikuwa ya watu waliokubaliana kutoa. Ala iliwekwa katika chumba cha chama. Mwanachama alikuja jioni akaipiga, akaiacha pale.

Walioweza kuchanga, hata hivyo, walikuwa watu wenye uwezo wa mjini, na waliyoyaimba mwanzoni yalikuwa ya Kiarabu. Aliyeufungua mlango kwa lugha yetu ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyeuza vyungu kabla ya kuijua sauti yake kuwa mali. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikakitembeza Kiswahili cha Unguja pwani nzima na bara. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na kila mwanafunzi wa fasihi ameusikia. Wapigaji waliokaa naye hatukuwaandikia wasifu. Mimi nimesomesha habari za Siti kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikumbuki hata siku moja niliyowauliza wanafunzi wangu udi uliosikika katika santuri zile ulikuwa wa nani.

Mfuko wa serikali, na kosa langu

Baada ya Mapinduzi ya 1964 vikundi vilipata mlezi mwingine. Serikali na chama kilichotawala viliufanya utamaduni kuwa kazi ya umma. Culture Musical Club, ambayo mizizi yake inarudi nyuma hadi 1958, ilikua chini ya ulezi huo, na Ikhwani Safaa kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Malindi. Okestra zilikuwa kubwa, kwa mfano wa zile za Cairo zilizosikika redioni na kuonekana katika filamu: safu ya fidla, udi, nai, kodiani, kanuni, dumbaki, rika. Ukiwa na mlezi wa namna hiyo huna haja ya kuhesabu nyuzi. Lakini mlezi akipungukiwa, aliyelelewa ndiye hulala na njaa, na hazina zetu zilipungukiwa sana kuanzia mwisho wa miaka ya 1970.

Hapa ndipo ninapoingia mimi. Nilitoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mbali na kazi ya darasani nilijiunga na kikundi kidogo cha taarabu cha mtaa wetu. Sina sauti, na mikono yangu ni ya chaki. Nilipewa daftari la fedha. Mnamo 1994 tulikuwa na akiba iliyotosha jambo moja. Kanuni yetu, iliyokuwa imenunuliwa kwa michango ya wazee waliotutangulia, ilikuwa imeanza kuharibika. Mzee aliyeipiga alikuja mkutanoni akaomba tuagize nyuzi, ngozi na vijikono. Wengine walitaka kinanda cha umeme. Ilikuwa miaka ambayo taarabu ya kisasa ilikuwa inapamba moto, na kinanda kimoja kiliweza kuiga fidla, ngoma na filimbi kwa mpigaji mmoja na kwa nauli ya mtu mmoja. Nilisimama na daftari langu, nikasoma hesabu, nikasema fedha za wanachama hazifai kutiwa katika kitu kinachokufa. Maneno hayo niliyasema mimi. Kinanda kikanunuliwa. Mzee aligongomea kipande cha bati kwenye ufa ili sanduku lisifunguke, akaendelea kuipiga ilivyo.

Miaka minane baadaye kinanda kile kilikufa, wala hapakuwa na fundi wa kukifufua. Kikundi kilivunjika. Mzee alikabidhiwa kanuni kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeitaka. Alimfundisha kijana mmoja wa jirani, akafariki, naye kijana akabaki nayo. Ndiyo iliyokuja kuwekwa mapajani mwangu.

Nitaongeza jambo dogo la lugha. Leo tukisema kinanda, kila mtu huona vitufe vyeupe na vyeusi. Zamani neno hilo lilikuwa la ala za nyuzi, na katika pwani ya kaskazini liliitaja hata ngoma iliyochezwa kwa gambusi, ala ile ndogo iliyochongwa katika kipande kimoja cha mti na kuwambwa ngozi, ambayo wengine huiita kibangala. Ala ya vitufe ilipokuja ilichukua kazi, ikachukua na jina.

Je, kanuni ni ya jadi?

Najua lipo swali ambalo baadhi ya wasomaji wameshaanza kulishika mkononi. Ala iliyotoka Misri, tena inayoagizwa Misri mpaka leo, inakuwaje ya jadi? Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyezivumisha zeze na ilimba ulimwenguni hadi alipofariki 2003, alitumia ala zinazoundwa kwa miti na vibuyu vya nchi yake. Hiyo ndiyo jadi, wataniambia, na mpigaji wake hahitaji kuomba nauli ya shehena.

Hoja hiyo ina nguvu upande mmoja. Ni kweli kwamba anayeweza kuunda ala yake mwenyewe yuko huru kuliko anayeingoja bandarini, na ningependa kuona mafundi wetu wanaochonga milango na kuunda majahazi wakijaribu kuunda kanuni. Lakini jadi, kwa maana yake katika Kiswahili, ni mambo ya babu. Babu yangu mzaa mama aliisikia kanuni Unguja akiwa mtoto, na mashairi yaliyotungwa kwa kuifuata ni ya Kiswahili. Neno kitabu halikuota katika udongo wetu, na hatusemi kwamba vitabu vyetu ni vya wageni. Wala zeze halina salama zaidi kwa kuwa ni la nyumbani. Mpigaji wa zeze naye huhitaji siku za kuacha jembe atafute mti unaofaa na kibuyu kilichokauka vizuri, na siku hizo ni fedha, ijapokuwa hazihesabiwi.

Barua iliyorudishwa

Sasa niirudie barua. Niliiandika kwa ufundi wote niliojaliwa. Nilimtaja kama msanii fukara, nikawaomba wahisani wamwonee huruma, nikasema anawapigia magoti wenye nafasi wamnusuru. Niliisoma mara mbili, nikaridhika. Asubuhi akaja kuichukua, akaisoma amesimama, akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtoto anavyomrudishia mkubwa kitu.

"Barua ni nzuri, Maalim, lakini huyu uliyemwandika simjui," akasema. "Umemwandika mtu mwenye njaa. Mimi njaa sina. Nafanya kazi bandarini, wanangu wanakula. Ninachokosa ni nyuzi. Na watu wakinipa kwa kunionea huruma watakuwa wamenipa mimi. Mimi nikiondoka, kanuni itakwenda wapi? Mwanangu wa kwanza hapendi muziki. Ataiuza."

Nilimkaribisha kukaa, nikamweleza habari ya 1994 na daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu na hakuniambia si kitu. Aliuliza tu kama mzee alijua ni mimi niliyesema maneno yale. Nikamwambia alijua, alikuwapo. Akasema, "Hakuwahi kunitajia," kisha tukaanza kazi.

Kazi ilikuwa ya kutafuta neno. Methali yetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtu anayezunguka kuomba fedha za ala hujihisi kibaya kinachojitembeza. Tuliliacha neno msaada, kwa sababu msaada hutoka juu ukaenda chini. Tukalitazama neno tunza. Katika taarabu, msikilizaji anayeguswa na ubeti huinuka akaenda kumtunza mwimbaji kwa fedha, na neno hilohilo ni la kuangalia kitu kisiharibike. Lilinipendeza sana. Yeye akalipunguza. "Tunza anapewa anayeimba," akasema, "na anapewa kwa ubeti uliomchoma mtu usiku ule. Nyuma ya mwimbaji tumekaa kumi. Hakuna anayeitunza kanuni."

Nikapendekeza wakfu. Watu wetu wanalijua neno hilo: nyumba ikitiwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, hutumika kwa lililokusudiwa. Akaogopa, nami nikaona ameogopa kwa haki. Wakfu una sheria zake na masheikh wake, na muziki una mjadala wake. Hatukutaka kuiingiza kanuni msikitini kwa mlango wa msamiati.

Neno lililobaki ni amana. Amana si mali ya aliyeishika, wala si ya kuigusa apendavyo aliyeitoa. Ni kitu kinachoshikwa ili kifikishwe. Tukaandika barua ya pili, fupi, yenye mambo manne. Kwanza, kanuni iliyopo haiwezi tena Rasti wala Bayati, na nyimbo kadhaa, tukazitaja kwa majina, zimeacha kupigwa. Pili, gharama ya kanuni nzima kutoka Cairo pamoja na usafiri ni shilingi 3,200,000. Tatu, ala hiyo itakuwa amana mkononi mwa kijana huyu maadamu anapiga; atafundisha watoto wawili, na siku mikono yake itakaposhindwa au atakapoacha, itakwenda kwa mmoja wao. Nne, hesabu zitaandikwa katika daftari, na kila aliyetoa ana haki ya kuliona. Jambo la nne nililitaka mimi. Nilitaka kushika daftari tena.

Daftari la pili

Barua ilikwenda kwa njia ya simu kwa watu tuliowajua, nao wakaipeleka kwa wengine. Walitoa wanafunzi wangu wa zamani walioko Pemba, Dar es Salaam na Muscat. Alitoa mama mmoja muuza samaki shilingi 500, akaniambia marehemu mumewe alikuwa akiimba bafuni nyimbo mojawapo tulizozitaja, naye hajaisikia tangu azikwe. Wapo waliokataa, na wawili kati yao walinipa sababu ambazo sikuwa na jibu lake: mmoja alisema paa la madrasa ya mtaani kwao linavuja, na mwingine akauliza kwa nini chama cha 1905 kiliweza bila kuwaomba walio nje ya chama. Nilimjibu huyo wa pili kwamba vyama vile vilikuwa na wanachama wenye maduka na mashamba. Akasema hilo si jibu. Pengine kweli si jibu.

Baada ya miezi mitano tulikuwa na shilingi 2,100,000, na hapo mto ukakauka. Haba na haba ilikuwa imekijaza kibaba nusu na zaidi kidogo. Mwenye hoteli moja akamwita kijana apige kinanda cha umeme kila jioni msimu mzima wa watalii kwa malipo mazuri, kwa sharti la kuanza mara moja. Angekubali, asingekuwa na jioni hata moja ya mazoezi ya kikundi. Alikuja kuniuliza. Sikuthubutu kumshauri, nilikwisha kutoa ushauri wangu 1994.

Alikuwa bado hajajibu ilipofika harusi moja ya Ng'ambo ambako kikundi chake kiliitwa kupiga. Nilikwenda nikakaa nje na wanaume wenzangu, tukisikiliza kupitia dirishani. Mwimbaji alikuwa mama wa makamo ya juu, mwenye sauti iliyoanza kupasuka, jambo ambalo katika taarabu si aibu. Wanawake walimtunza sana. Kisha sauti ikakatika, ala zikaendelea peke yake, na ndani kukawa na minong'ono. Nilidhani amechoka. Baadaye kijana ndiye aliyenisimulia: mama yule aligeuka nyuma, akazikusanya noti zote alizotunzwa, akaziweka juu ya kanuni, kwenye mbao, kando ya nyuzi, akawaambia wanawake kwamba leo anayetunzwa ni huyu asiyeimba, naye atawaeleza sababu wimbo ukiisha. Akarudi katika ubeti alioukatiza. Wimbo ulipokwisha akaisoma barua yetu kutoka katika simu yake, pamoja na jambo la nne.

Usiku ule pekee ulileta shilingi 640,000. Kilichobaki kilipatikana katika wiki tatu, sehemu yake kutoka mfukoni kwangu, kiasi ambacho nakiacha daftarini. Hotelini kijana alijibu hapana.

Kanuni ilifika mwezi wa nne, wakati wa masika, na kwa siku kumi za kwanza haikutulia. Kila asubuhi unyevu ulikuwa umezivuta nyuzi na kuzishusha. Siku ya kumi na moja aliinua vijikono vya Rasti, akapiga takasimu fupi, kisha akaingia katika wimbo ambao mama muuza samaki alikuwa ameutaja. Tulimwita aje asikilize. Ubeti wa pili hakuna aliyeukumbuka wote. Mama aliukumbuka kipande cha kwanza cha kila mshororo, mwimbaji akakumbuka vina, na mimi, kwa kuijua mizani, nikasaidia kukataa maneno yasiyotosha. Mshororo mmoja mpaka leo una kipande kimoja tu. Tunaupiga hivyo, na kanuni hujibu mahali pa maneno yaliyopotea.

Kanuni ya zamani haikutupwa. Watoto wawili hujifunzia hiyo, mvulana wa miaka kumi na mbili na msichana wa kumi na nne, kwa Hijazi kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoiweza. Daftari ninalo mimi bado. Baada ya ukurasa wa michango nilifungua ukurasa wa nyuzi, kwa sababu nyuzi hukatika na ngozi hulegea, na hapo ndipo sisi wa 1994 tulipokosea. Kila mwezi mtu mmoja wa kikundi hutoa elfu tano. Mwezi uliopita tuliandika: nyuzi tatu za juu zimebadilishwa, pete moja ya msichana imepunguzwa kulingana na kidole, akiba iliyobaki shilingi 38,000.